Faili liko mezani kwa nani? Kisa cha mwombaji aliyesubiri simu ya mradi uliokwisha kusimama

## Kuhusu kisa hiki

Mhusika nitamwita Bi. Z. Ni binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye shahada ya ununuzi na ugavi, anayeishi na mama yake katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Ameyasoma haya kabla hayajatoka na kuridhia yatumike kufundishia, kwa sharti kwamba jina lake, mji, shirika aliloomba kazi na bohari inayotajwa humu visijulikane. Mambo machache madogo nimeyabadilisha ili asitambulike. Tarehe za matukio makubwa ya dunia nimeziacha kama zilivyo, kwa sababu bila hizo kisa hakieleweki.

Mimi nilikuwa afisa utumishi, kwanza halmashauri na baadaye kwenye mashirika, hadi nilipostaafu. Vijana wanaonijia nyumbani huwa na swali lilelile: "Mzee, mbona kimya?" Kisa hiki nimekichagua kwa sababu ndani yake mna ukimya wa aina tatu uliompata mtu mmoja ndani ya miezi michache, na yeye akauchukulia wote kuwa mmoja. Hapo ndipo gharama ilipoanza.

## Usuli

Bi. Z alihitimu chuo Dar es Salaam, akarudi nyumbani. Kwa karibu miaka miwili aliishi kwa twisheni: watoto wa darasa la sita na la saba walikuja jioni ukumbini kwa mama yake, wazazi wakilipa kwa wiki. Hakuwa tajiri, lakini bando, nauli, sabuni na ada ya mwaka ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi vilitoka humo. Ada ya bodi naitaja makusudi. Matangazo mengi ya kazi ya ugavi yanataka mwombaji awe amesajiliwa, na usajili usiolipiwa ni sababu tosha ya kuwekwa kando.

Oktoba 2024 aliona tangazo la shirika moja lisilo la kiserikali lililotafuta msaidizi wa ununuzi kwa mradi wa afya katika mikoa ya jirani. Aliomba. Chini kabisa ya tangazo, kwa herufi ndogo, palikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema watakaowasiliana nao ni waliochaguliwa kwa usaili tu. Ya pili ilisema mradi unafadhiliwa na watu wa Marekani kupitia USAID, shirika la misaada ya nje la serikali yao. Ya kwanza aliisoma mara nyingi. Ya pili hakuipa uzito wowote, na sidhani kama kuna mwombaji mmoja kati ya ishirini ambaye angeipa.

Wakati huohuo alikuwa na akaunti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ule tunaouita Ajira Portal. Kila nafasi ya Afisa Ugavi Daraja la II ilipotangazwa, aliomba.

## Yaliyotokea

Mwanzoni mwa Desemba aliitwa kwenye usaili wa shirika. Jopo la watu watatu, maswali kuhusu nukuu za bei, hati ya mapokezi ya mzigo, na atafanya nini msambazaji akimletea zawadi. Alitoka akiwa na furaha. Mwanamke aliyeongoza jopo alimwambia, "Dada, tutawasiliana nawe baada ya sikukuu."

Maneno hayo aliyabeba nyumbani kama barua ya ajira. Ndani ya wiki mbili aliwaambia wazazi wa watoto kwamba twisheni itafungwa Krismasi na haitafunguliwa, kwa kuwa anahama. Kwenye kikao cha kamati ya harusi ya binamu yake, mwenyekiti alipopitisha karatasi ya ahadi, aliandika laki moja. Walioketi pale walijua anakwenda kuanza kazi shirikani, na laki moja kwa mtu wa shirika hata ilionekana ndogo.

Katikati ya Januari 2025 mhadhiri wake wa zamani alimpigia. "Wamenipigia wale watu wako, wameniuliza habari zako. Nimekusifia." Bi. Z alilia kwa furaha. Alikuwa na haki ya kufurahi: mwajiri hapotezi muda kuwapigia wadhamini wa watu asiowataka. Simu kwa mdhamini humaanisha umebaki peke yako, au mmebaki wawili.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump aliapishwa, na siku hiyohiyo akatia saini amri ya kusitisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Siku chache baadaye mashirika yaliyotegemea fedha hizo yalianza kupokea maagizo ya kusimamisha kazi. Habari ilikuwa redioni, kwenye simu, kwenye vijiwe vya kahawa. Bi. Z aliisikia. Anasema aliielewa kama habari ya dawa na kliniki, jambo la kusikitisha linalowahusu wengine. Haikumpitia akilini kwamba nafasi yake ya kununua shajala na mafuta ya magari ililipwa kutoka mfuko huohuo.

Wiki ya mwisho ya Januari mwenye bohari ya vifaa vya ujenzi alimtumia ujumbe kupitia mjomba wake. Alitaka mtunza bohari anayejua kompyuta. Mkataba wa miezi sita, shilingi 400,000 kwa mwezi, kuanza Jumatatu. Bi. Z aliomba wiki moja ya kufikiri. Alipewa. Wiki ilipokwisha alikwenda kumshukuru na kukataa.

Februari yote alisubiri. Nikisema alisubiri, nina maana ya kazi kamili ya siku nzima. Simu haikuwekwa mbali, hata akienda kuoga ilikuwa dirishani. Namba asiyoijua ikiita, moyo unaruka, kumbe ni mtu wa mikopo au aliyekosea namba. Alifungua barua pepe asubuhi, mchana, usiku, hadi kwenye kasha la barua taka. Mama aliacha kuuliza, na anasema kuacha kule kuliuma kuliko kuuliza. Jirani hakuacha: "Vipi mwanangu, wameshakuita?" Rafiki zake wa chuo walimpa ushauri ambao kila kijana wa mjini ameusikia: usiwatafute, utaonekana una njaa.

Mwezi wa Machi alikuja kwangu. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa nilimuuliza, "Mradi wenyewe analipa nani?" Hakujua. Tukalitafuta tangazo kwenye simu yake, tukateremka hadi chini. Alisoma ile sentensi ya pili kwa sauti, kisha akanyamaza.

Jioni hiyo alituma ujumbe kwa afisa aliyemwita kwenye usaili. Majibu yalikuja siku iliyofuata, na kwa ruhusa ya Bi. Z nayaweka hapa yakiwa yamepunguzwa: "Pole sana dada. Nafasi ulikuwa umeipata, tulikuwa tunasubiri kusaini. Mradi umesimama tangu Januari, hata mimi niko nyumbani. Nilidhani mmeshaelewa."

Siku chache baadaye likatoka tangazo la Sekretarieti ya Ajira la kuitwa kwenye usaili, na jina lake lilikuwemo. Kabla ya usaili alipigiwa simu na mwanaume mwenye sauti tulivu aliyemtaja kwa majina matatu na kada aliyoomba. Alisema yuko ndani, na kwamba kwa laki tatu jina litapita. Bi. Z alikuwa tayari kutoa. Hakuwa nazo. Alipokwenda kukopa kwa mjomba, mjomba aliomba azungumze na huyo bwana mwenyewe, na bwana akakata simu. Kilichomwokoa siku hiyo ni mfuko mtupu.

Usaili wa mchujo alipangiwa Dar es Salaam, kwa kuwa anuani ya makazi kwenye akaunti yake ilikuwa bado ile ya hosteli ya chuo. Msailiwa hujigharamia nauli, chakula na malazi, na tangazo husema hivyo wazi. Mama aliuza mbuzi wawili. Mchujo alifaulu, akaenda kwenye mahojiano. Kisha ukimya mwingine, wiki baada ya wiki, hadi tangazo la kuitwa kazini lilipotoka. Alilipitia mara tatu. Jina halikuwemo.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kufunga twisheni hakuufanya kwa uvivu. Alifikiri kuwatoa watoto katikati ya muhula, akiitwa ghafla, ni kuwadhulumu wazazi, hivyo bora awaage mapema kwa heshima. Nia njema, hesabu mbaya. Wazazi wangemwelewa zaidi mwalimu anayeondoka Februari kwa kazi kuliko yeye alivyojielewa alipobaki Februari bila kazi wala watoto.

Ahadi ya harusi ni mambo yetu. Mtu hukaa kwenye kikao, karatasi inapita, watu wanatazama. Sitamlaumu kwa hilo zaidi ya alivyojilaumu.

Uamuzi mzito ulikuwa wa kukataa bohari, nao una sababu tatu alizonieleza. Kwanza, alikuwa na ile simu ya mdhamini, dalili ya kweli. Pili, aliona si uungwana kuanza kazi kwa mtu akijua ataondoka. Tatu, na hii ndiyo iliyomtisha hasa, aliogopa kwamba akitia saini mkataba wa miezi sita kisha shirika likaita, mwenye bohari angeweza kumfikisha kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi.

Hofu hiyo ya tatu wengi wangeicheka. Haikuwa ya kuchekesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka muda wa notisi wa siku 7 mtu akiwa ndani ya mwezi wake wa kwanza, na siku 28 baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi. Watu huishia hapo na kusema, "Si unatoa notisi tu!" Lakini mkataba wa muda maalumu una kanuni kali zaidi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinasema aliyekubali mkataba wa muda maalumu anaweza kujiuzulu kabla ya wakati pale tu mwajiri anapokuwa amevunja mkataba kwa kiwango kikubwa. Nje ya hapo, pande mbili zikubaliane. Kwa hiyo Bi. Z alinusa jambo la kweli. Alichokosa ni hatua inayofuata: kumwomba mwenye bohari aweke kifungu kinachoruhusu kila upande kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Kifungu cha mistari miwili. Baadaye nilimuuliza mwenye bohari kama angekubali. Alinitazama kama niliyeuliza swali la kitoto. "Mzee, mimi mwenyewe nilikuwa sijui kama mzigo utafika miezi sita."

Uamuzi wa kutowatafuta shirika aliufanya kwa aibu, na aibu hiyo alifundishwa.

## Matokeo

Nafasi ya shirika ilikufa. Julai 1, 2025 USAID yenyewe ilifunga shughuli zake rasmi na mabaki ya kazi yake kuhamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hivyo hata tumaini la mradi kufufuka kwa sura ileile likaondoka.

Serikalini hakuitwa kazini kwenye tangazo lile. Kutokuwemo kwenye orodha siku hiyo hakumaanishi moja kwa moja kwamba alishindwa: waliofaulu wakazidi idadi ya nafasi huhifadhiwa kwenye kanzidata, na matangazo ya baadaye ya kuitwa kazini huwa na majina yaliyotoka huko.

Bohari ilikuwa imeshapata mtu. Bi. Z alirudi kwa mwenye bohari mwezi wa Aprili, akamweleza ukweli wote, akapewa kazi ya kibarua ya kuhesabu mzigo unaposhuka, kwa malipo ya siku, chini ya kijana aliyepewa nafasi aliyoikataa yeye. Ahadi ya harusi alilipa nusu. Watoto wa twisheni wengi walikuwa wameshahamia kwa mwalimu mwingine, na mwalimu huyo, kusema kweli, ni mzuri.

## Uchambuzi

Kwenye ofisi za utumishi kuna swali ambalo karani wa masijala hujibu mara nyingi kuliko jingine lolote: faili liko kwa nani? Hakuna faili lililosimama bila sababu. Liko mezani kwa mtu fulani, na mtu huyo amekosa kitu fulani: saini, fedha, kibali, au mwenzake aliye safarini. Mwombaji huona ukimya kutoka nje na kuugeuza kuwa maneno juu yake mwenyewe. Sijafaa. Nilijibu vibaya swali la tatu. Wamempa ndugu yao. Huenda ni kweli, lakini kabla ya kufika huko kuna swali la karani.

Kwenye shirika, faili la Bi. Z halikuwa mezani kwa afisa utumishi hata kidogo kuanzia Januari 20. Lilikuwa Washington. Jopo lilikuwa limemaliza kazi yake, mdhamini ameulizwa, mkataba umeandaliwa. Hakuna jibu zuri zaidi wala wasifu uliopangwa vizuri zaidi ambao ungebadilisha chochote. Hii ndiyo maana nasisitiza ile sentensi ya chini ya tangazo. Anayeomba kazi ya mradi anaomba vitu viwili: kazi na fedha za mtu mwingine. Jua fedha ni za nani, zinaanza lini na kuisha lini, na habari za mwenye fedha uzisikilize kama zinazokuhusu.

Serikalini mambo ni mengine. Kabla nafasi haijatangazwa, mwajiri huwa ameiweka kwenye ikama, yaani mpango wa idadi ya watumishi, na kwenye bajeti, na kibali cha ajira kimetolewa. Kwa hiyo nafasi yenyewe mara nyingi ni ya uhakika kuliko ya mradi. Kisicho na uhakika ni wewe, kwa sababu mnashindana maelfu. Kumpigia simu afisa hakusaidii, na kulala na simu mkononi hakuna maana yoyote, kwa sababu jibu haliji kwa simu: linakuja kwa tangazo kwenye tovuti na kwa taarifa ndani ya akaunti yako. Usubiri wa aina hii unadai nidhamu ya karani: ingia kwenye akaunti kwa siku maalumu, hakikisha namba ya simu na anuani ni za sasa, vyeti halisi viko mahali pamoja, kitambulisho hakijapotea, usajili wa bodi umelipiwa. Bi. Z alikuwa makini sana na simu na mzembe kabisa na akaunti. Anuani ya hosteli ndiyo iliyouza mbuzi wale.

Na bohari? Hapo faili lilikuwa kwake yeye. Mwenye bohari ndiye aliyekuwa anasubiri kujibiwa. Kati ya ukimya wote wa kisa hiki, huu ndio pekee ambao Bi. Z alikuwa na mamlaka juu yake, na ndio aliouharakisha kuufunga.

Kuhusu kuwatafuta waajiri, nataka niseme kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Kuna sababu moja ya ukimya baada ya usaili ambayo hatuisemi hadharani. Tukishampata wa kwanza, hatumwambii wa pili kwamba amekosa, kwa sababu wa kwanza hajasaini. Anaweza kutukatalia kwa ajili ya mshahara, au mwajiri wake akamwongezea. Basi wa pili tunamweka akiba, bila kumwambia kuwa ni akiba. Wiki tatu, nne, mwezi. Wa kwanza akisaini na kuripoti, tunakuwa tumeshahamia kwenye jambo jingine, na wa pili tunamsahau. Ni tabia mbaya, na imezoeleka hadi haionekani tena kuwa mbaya. Kwa hiyo ujumbe mmoja wa heshima kutoka kwa mwombaji hautuudhi. Mara nyingi ndio unaotukumbusha kwamba kuna binadamu tuliyemwacha mlangoni.

Kinachoudhi ni kupiga kila siku, kumtumia mtu ujumbe usiku, au kuja ofisini bila miadi na mzazi nyuma. Ujumbe ambao Bi. Z angeutuma ile wiki ya mwisho ya Januari ungekuwa hivi, na nauandika kwa kuwa vijana wengi huniomba maneno:

"Habari za kazi. Mimi ni fulani, niliyefanya usaili wa nafasi ya msaidizi wa ununuzi mwanzoni mwa Desemba. Bado naihitaji nafasi hiyo. Nimepata ofa nyingine ninayotakiwa kuijibu kufikia Ijumaa, hivyo naomba kujua kama mchakato wenu unaendelea. Asante kwa muda wako."

Unaona kilichomo: jina, nafasi, wakati, sababu ya kuuliza, siku ya mwisho. Hakuna kulalamika wala kujidhalilisha. Kwa tarehe zile, nina hakika kubwa angejibiwa ndani ya siku mbili, maana kila mtu kwenye ofisi ile alikuwa hana kazi ya kufanya isipokuwa kujibu ujumbe.

Shirika nalo lilikosea, hata kwa kuzingatia msukosuko uliolipata. Najua agizo la kusimamisha kazi lilivyokuwa: watu waliambiwa wasimamishe kila kitu, magari yaegeshwe, posho zisitoke. Lakini barua pepe moja kwa watu wawili au watatu waliokuwa hatua ya mwisho haihitaji fedha ya mfadhili. Neno "nilidhani mmeshaelewa" linasema yote. Ofisini tunadhani habari tunayoijua sisi inajulikana na kila mtu, kwa kuwa tumeshinda nayo wiki nzima.

Kuna jambo Bi. Z alilifanya vizuri ambalo ni rahisi kulipita. Alipokuwa anasubiri shirika hakuacha kuomba serikalini. Wengi huacha. Wanaona kuomba kwingine ni kama kukosa imani, au kujitafutia mkosi. Yeye aliendelea kupakia barua na vyeti hata wiki ile mdhamini alipopigiwa. Ndiyo maana Machi haikumkuta mikono mitupu kabisa. Vilevile alirudi kwa mwenye bohari akiwa na ukweli badala ya hadithi. Angeweza kusema alikuwa anaumwa. Mwenye bohari aliniambia alimpa kazi kwa sababu hiyo hasa: mtu anayehesabu mzigo asipodanganya juu yake mwenyewe, huenda hata mifuko ya saruji hataidanganya.

Suala la tapeli linahitaji maneno yake. Bi. Z aliamini kwa sababu mpigaji alijua majina matatu na kada. Lakini orodha za kuitwa kwenye usaili hutolewa hadharani, kila mwenye simu anazipakua. Namba za simu za watu, mjini hapa, hupatikana kwa njia nyingi mno. Kujua kilichoandikwa kwenye tangazo la wazi hakumfanyi mtu kuwa wa ndani. Na wakati wa kupiga haukuwa wa bahati: tapeli huvuna pale hasa mwombaji alipokwisha kuitwa na hajajua hatima yake, kwa kuwa hapo ndipo mtu yuko tayari kununua neno lolote litakalouvunja ukimya. Mchezo wenyewe hauhitaji hata ujanja. Akiwapigia watu mia, watakaoitwa kazini kwa juhudi zao wataamini ni yeye aliyewapitisha, na wasioitwa hawatajua pa kumshtaki, maana nao walikuwa wanatoa hongo.

Tumebaki na jambo moja tusilokubaliana. Mimi nasema angechukua bohari mwezi ule wa Januari. Hasara ya kumwacha mwajiri mdogo baada ya mwezi ni ndogo na inalipika. Hasara ya kukaa miezi bila kipato, bila kitu kipya cha kuandika kwenye wasifu, na akili ikiliwa na simu, ni kubwa na haionekani mpaka umeshailipa. Yeye anasema hapana. Kwa dalili alizokuwa nazo, anasema, uamuzi ulikuwa sahihi na matokeo yalikuwa mabaya, na hayo ni mambo mawili. Nafasi alikuwa ameipata kweli. Bila amri ya Washington angekuwa amesaini kabla ya Februari, na mimi ningekuwa namsifia kwa subira. Tena ananikumbusha kwamba nikiwa na umri wake nilipangiwa kazi moja kwa moja kutoka chuoni, sikuwahi kusubiri simu ya mtu.

Hoja yake ina nguvu, na kwenye dalili namkubalia. Ninapomkatalia ni hapa: dalili zilimwambia kwamba amependwa, hazikumwambia kwamba fedha zipo, naye alikuwa na wiki nzima ya kuuliza. Tumelizungumza mara kadhaa na hakuna aliyesogea.

Mwezi Agosti yule kijana wa bohari aliondoka kwenda kwenye biashara zake, na mwenye bohari akampa Bi. Z mkataba uleule wa miezi sita, kwa 380,000 safari hii. Kabla ya kutia saini aliomba kifungu cha notisi ya mwezi mmoja kwa kila upande. Mwenye bohari alikiandika kwa kalamu pembeni ya ukurasa wa pili, wakatia saini wote wawili hapo kando. Ada ya bodi aliilipa kwa mshahara wa kwanza, na anuani kwenye akaunti ya Ajira Portal sasa ni ya nyumbani kwa mama.